Kufukiza kioo nje: hewa ni tele, lakini inapita wapi?

Kiswahili kimewapa mafundi wa kioo neno zuri na la kupotosha kidogo: kufukiza. Anayefukiza nguo kwa ubani hutaka moshi umpate. Hutandaza vazi juu ya chetezo, huinama, huacha harufu iingie hadi kwenye nywele. Anayefukiza kioo kwa fedha au dhahabu, yaani anayekipamba kwa mvuke wa metali hiyo, ukimtazama kwa mbali, ni kama anafanya jambo lilelile. Ameinama, moto uko mbele ya kifua, pua iko juu ya moto. Ila moshi huu unatakiwa ukipate kioo peke yake, yeye usimguse.

Ndiyo maana wengi wasio na karakana yenye mfumo wa kutoa hewa huamua kuifanyia kazi hii nje. "Nje hewa tele," huambiana, na mjadala huishia hapo. Hewa ni tele, sibishi. Ninachouliza ni inapita wapi kabla ya kufika puani mwako. Nimewahi kukaa uani, upepo mwanana ukinipuliza mgongoni, nikajiona mjanja, na baada ya nusu saa ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mgongo wangu ndio ulionichongea.

Kinachotokea ndani ya mwali

Fundi huchukua kipande kidogo cha fedha safi, akakiyeyusha kikashika kwenye ncha ya kijiti cha kioo au cha kwatzi. Kisha hukiingiza kwenye mwali wa propani na oksijeni, na kile kioo anachokipamba hukishika mbele zaidi, kwenye mkia wa mwali. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 2,162. Mwali wa propani na oksijeni hufika karibu nyuzi 2,800, kwa hiyo una nguvu ya kutosha na zaidi. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, lakini kuchemka hudai zaidi ya nyuzi 2,800, na ndiyo sababu kufukiza kwa dhahabu kunataka subira.

Mvuke wa metali husafiri na mwali. Ukikutana na kioo chenye joto dogo kuliko lake, hutanda juu yake kwa chembe ndogo mno. Hapo ndipo rangi inapozaliwa, wala si rangi ya kupaka. Chembe za fedha za kiwango cha nano hufyonza mwanga wa upande wa urujuani, karibu na nanomita 400, hivyo kioo ukikiinua dhidi ya jua huona manjano, na ukikiweka mbele ya kitu cheusi huona buluu. Dhahabu hufyonza kijani, karibu na nanomita 520, ikaacha waridi. Warumi wa karne ya 4 waliuacha ushahidi wa mchezo huu kwenye Kikombe cha Lycurgus, ambacho sasa kiko British Museum, London: ukikimulika kwa mbele ni cha kijani, ukiweka taa ndani yake kinakuwa chekundu kama divai. Chembe zake za fedha na dhahabu zimo ndani ya kioo chenyewe. Sisi tunazilaza juu.

Si mvuke wote unaotua kwenye kioo. Unaokikosa hupoa hewani, ukageuka chembe ndogo kiasi kwamba hazianguki mezani kama vumbi bali huelea, na pumzi moja huzifikisha ndani kabisa ya mapafu.

Tupige hesabu. Marekani imeweka kikomo cha fedha katika hewa ya kazini kuwa miligramu 0.01 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa zamu ya saa nane. Kipande cha fedha chenye ukubwa wa punje ya mchele kina uzito wa karibu miligramu 200. Chukua miligramu 10 tu, yaani sehemu moja kati ya ishirini ya punje hiyo, ikose kioo na kuelea. Ili kuipunguza ifikie kile kikomo unahitaji mita za ujazo 1,000 za hewa safi. Chumba cha mita nne kwa nne chenye dari ya mita mbili na nusu kina mita 40 za ujazo. Unahitaji vyumba 25. Kwa hiyo anayekwambia kwamba dirisha moja likifunguliwa yatosha, mwonyeshe hesabu hii.

Fedha haiui haraka, na sipendi kutisha watu bure. Inachofanya ni kujilimbikiza. Anayeipokea mwilini kwa miaka anaweza kupata ajiria, hali ya ngozi na utando wa macho kugeuka rangi ya kijivubuluu, na rangi hiyo haitoki. Hatari ya haraka zaidi hutokana na vitu vinavyosafiri na fedha isiyo safi. Fedha ya vito yenye alama ya 925 ina asilimia 7.5 ya metali nyingine, kwa kawaida shaba. Lehemu ya fedha, hasa ya zamani, inaweza kuwa na kadimiamu, ambayo huchemka kwenye nyuzi 767 tu na mvuke wake umewahi kuua mafundi. Pete ya zamani yenye kiungo kilicholehemiwa isiingie kwenye mwali wako hata kama ni ya bure. Tumia fedha ya 999 na dhahabu ya karati 24, basi.

Mgongo unaochongea

Kaa upepo ukitokea nyuma yako. Mwili wako sasa ni jiwe katikati ya kijito. Maji yakilifikia jiwe hugawanyika pande mbili, na upande wa pili panabaki mahali penye maji yanayozunguka tu. Jani likianguka hapo huzunguka, huzunguka, na mara nyingine hurudi kinyume cha mkondo mpaka likagusa jiwe. Mahali hapo kwako ni mbele ya kifua, na ndipo ulipoweka moto. Mvuke hunaswa na mzunguko huo, joto la mwali likaupandisha, ukafika usoni bila haraka yoyote. Ndiyo ile ladha ya sarafu.

Geuka sasa, upepo ukupige usoni. Hapa hakuna fumbo: mvuke unaletewa wewe moja kwa moja.

Mkao unaofaa ni wa ubavu. Mabaharia wana maneno mawili yanayofaa kuazimwa: joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakokwenda. Bega moja liwe joshini, la pili demani, na upepo ukatize kati ya uso wako na moto kama mtu anayepita mlangoni bila kuingia. Meza ipangwe kwa kuufuata upepo, si kwa kufuata mandhari wala soketi ya umeme. Na kwa kuwa upepo haukai upande mmoja siku nzima, meza iwe ya kuzungushika. Meza nzito iliyojengewa sakafuni ni nzuri kwa kila kitu isipokuwa hiki.

Kabla ya kuwasha gesi siku ya kwanza, fanya jaribio la kijiti cha udi. Kichomeke mahali moto utakapokuwa, kaa kwenye kiti chako, inua mikono kama unayefanya kazi, kisha umwombe mtu akutazame kwa ubavu, au uache simu irekodi kwa dakika kumi. Wewe mwenyewe usijiamini, maana moshi mwembamba ukiwa sentimita kumi kutoka machoni hauonekani vizuri. Utaona moshi ukienda zake upande, halafu ghafla upepo ukipumua unarudi, unapanda kidevuni, unapotea. Hesabu mara ngapi. Rudia kichomeo kikiwa kimewashwa lakini bila metali, kijiti ukikishika pembeni mwa mwali, kwa sababu moto una mkondo wake wa kupanda ambao udi peke yake hauna. Kisha funga utepe mwepesi kwenye mti mrefu kidogo mbele yako. Ukining'inia wima, hakuna upepo, na hakuna kufukiza.

Hilo la mwisho huwashangaza watu. Siku tulivu, ambayo kila fundi wa kioo huiombea, ndiyo siku mbaya ya kufukiza nje, kwa kuwa mvuke hauna wa kuuondoa. Hali ni mbaya zaidi kwenye banda lenye kuta tatu. Kwa jina liko nje. Kwa hewa ni kama kabati lisilo na mlango: upepo hupita juu ya paa, hujikunja ukingoni, na kuzungusha hewa ileile ndani. Pembe ya nyumba, pale kuta mbili zinapokutana, ina tabia hiyo hiyo. Paa lenye nguzo nne bila kuta linashinda hayo yote.

Je, feni? Inategemea inapuliza au inavuta. Puliza mshumaa ukiwa umbali wa mkono, utazimika. Sasa jaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi. Hata ukiubana karibu na midomo utahangaika. Kanuni ya mafundi wa mifumo ya hewa ni kwamba upepo unaopulizwa na bomba bado huwa na sehemu moja ya kumi ya mwendo wake katika umbali wa vipenyo 30 vya bomba hilo, ilhali upande wa kuvuta mwendo hushuka hadi sehemu moja ya kumi katika umbali wa kipenyo kimoja tu. Kwa bomba la sentimita 20, mdomo ukiwekwa sentimita 20 kutoka kwenye mvuke, nguvu nyingi imekwisha kupotea. Kwa hiyo feni ya kuvuta inafaa ikiwa mdomo wake uko nyuma ya mwali, karibu kabisa, tena umezungushiwa ukingo. Ikining'inizwa mita moja juu ya meza ni pambo. Na feni ya kupuliza isiwekwe nyuma ya mgongo wako. Iweke ubavuni, mbali kiasi, siku upepo unapokuwa mvivu.

Barakoa huja baada ya hayo yote, haiji badala yake. Iwe ya nusu uso yenye vichujio vya P100 au P3, na ishike ngozi pande zote. Ndevu huiharibu kabisa, hata za siku mbili. Vichujio hivyo huzuia chembe za metali lakini haviwezi kuzuia kaboni monoksaidi wala gesi za oksidi za nitrojeni ambazo mwali wenye joto kali huzitengeneza kutokana na hewa yenyewe.

Kioo nacho kina lake

Hapa ndipo fundo linapokaza. Mapafu yanataka upepo, kioo kinauchukia. Upepo huinamisha mkia wa mwali, mvuke ukatua penginepo, na unapoza upande mmoja wa kioo huku mwingine ukiwa moto. Borosilikati, kioo kigumu cha kustahimili joto, huvumilia kuliko kioo laini cha kawaida kwa kuwa hutanuka kama theluthi moja tu ya kioo hicho kikipata joto lilelile, lakini kustahimili si kutopasuka. Kipande kinene kilichopigwa na pumzi moja ya upepo kinaweza kulia "tik" mkononi, na sauti hiyo kila fundi anaijua.

Watu wengi hutatua hili kwa ubao mzima upande wa joshini, na wanarudi kulekule kwa jiwe na kijito. Nyuma ya ubao kuna mzunguko. Kinachofaa ni kizuizi kinachopitisha, kama wavu mzito wa chuma, chenye matundu yanayokaribia nusu ya eneo lake, kisichozidi urefu wa mwali kwa sana. Wakulima wamejua siku nyingi kwamba ua wa miti hupunguza upepo kwa utulivu kuliko ukuta. Wavu humega upepo ukapita polepole kwenye usawa wa mikono, na juu yake, kwenye usawa wa uso, hewa inaendelea kutembea. Hutapata vyote viwili kwa ukamilifu. Upepo ukizidi, ukiona koni ya ndani ya mwali inayumba, funga kazi ya kufukiza. Unaweza kuendelea na kazi nyingine isiyotoa mvuke, ndani ya kinga kubwa zaidi.

Jua nalo ni adui wa kimya. Mwali wenye oksijeni ya kutosha hauonekani mchana kweupe, na mtu huweza kupitisha mkono ndani yake akitafuta koleo. Zaidi ya hapo, ule ukungu mwembamba wa fedha unaotanda juu ya kioo hutauona, utaendelea kufukiza kupita kiasi, na mvuke wa ziada ndio ule unaoelea. Tafuta kivuli kizito, na nyuma ya moto weka kitu cheusi kisichowaka, kwa mfano bamba la chuma lisilo na rangi. Miwani ya jua haitoshi. Kioo chenye moto hutoa mng'ao wa manjano wa sodiamu kwenye nanomita 589, na miwani ya didimiamu, yaani ya kioo maalumu cha mafundi wa kioo, huukata huo vizuri, lakini borosilikati hutoa pia mwanga mkali na miali ya infraredi, kwa hiyo unahitaji didimiamu iliyoongezewa kichujio cha kuchomelea cha namba 3 au zaidi.

Mitungi, meza, umeme

Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Ikivuja haipai, hutambaa chini ikatafuta shimo: mfereji, ngazi za kwenda chini ya nyumba, kisima cha mita ya maji. Hewa yenye propani kati ya asilimia 2.1 na 9.5 inasubiri cheche tu. Angalia basi ardhi inateremka kuelekea wapi kabla ya kuangalia kitu kingine. Mtungi usimame wima, kivulini, umefungwa kwa mnyororo. Kila unapobadilisha mtungi, paka viungo maji ya sabuni. Povu likifura kuna uvujaji. Nyuzi za skrubu kwenye viungo vya gesi hukaza kwa kuzungusha kushoto, za oksijeni kulia, ili zisichanganywe, kwa hiyo kiungo kikigoma usikilazimishe. Weka vizuia moto kurudi kwenye njia zote mbili. Mitungi ya akiba ya oksijeni na ya gesi itengwe kwa mita 6, au kwa ukuta usioshika moto wenye urefu wa mita moja na nusu.

Oksijeni haiwaki, ila huvifanya vingine viwake kwa hasira. Usipake mafuta wala grisi kwenye regulata yake, yaani kifaa cha kupunguza shinikizo, hata kama uzi wa skrubu umekwama. Usiitumie kupulizia vumbi nguoni.

Uso wa meza ni mtego mwingine wa nje, kwa sababu watu huchukua kilichopo. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Mwali ukilala juu yake kidogo tu hutoa moshi mweupe unaoleta homa ya mafundi: baridi, kutetemeka, maumivu ya mwili, saa chache baada ya kazi, mtu akadhani ni malaria au mafua. Zege tupu hurusha vipande likipata joto kali. Karatasi ngumu za zamani za kuezekea zinaweza kuwa na asbesto. Bamba la chuma tupu au ubao mpya wa saruji usio na asbesto ndio wa kutumia.

Tanuri la kupozea kioo, ambalo kwa borosilikati hukaa karibu nyuzi 565, liwe chini ya paa, limeinuliwa kutoka ardhini, kwenye umeme wenye waya wa ardhi na swichi ya kinga ya miliampia 30. Tone moja la mvua kwenye kioo chenye moto linatosha kukipasua.

Kuna namna nyingine ya kufukiza, ya kloridi ya bati (metali ya bati yenyewe, si bati la kuezekea), inayotoa mng'ao wa rangi za upinde wa mvua kama ule ulioipa sifa kazi ya Louis Comfort Tiffany, msanii wa kioo wa Marekani aliyesajili jina la Favrile kwa kioo chake mwaka 1894. Ikikutana na joto na unyevu, kloridi hiyo hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki. Inakula mapafu, inakula regulata, inakula bawaba za tanuri. Mimi siifanyi kwenye uwanja wa nyumba ambako jirani yuko demani, na kichujio cha chembe hakifai kitu kwayo. Inataka kichujio cha gesi za asidi na kabati lenye mfumo wake wa kuvuta hewa.

Unapofunga, zima oksijeni kwanza kisha propani, funga mitungi, toa gesi iliyobaki kwenye mipira. Meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe, la sivyo vumbi la fedha lililotua litapanda tena. Osha mikono kabla ya kugusa chochote cha kinywani. Na kama umetengeneza gololi au tufe safi la kioo, usiliache mezani likisubiri kesho. Tufe la namna hiyo ni lenzi. Jua la asubuhi likilipiga, doa dogo la mwanga litaanza kutembea polepole juu ya meza, likifuata kamba, kitambaa, mpira wa gesi.